Ukindu Katika Maji ya Vitumbua

Vitumbua vyake vilikuwa na njano ndani, njano ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji, na mimi ndiye niliyesema mbele za watu kwamba njano ile ni rangi ya mkeka. Naanza na hilo, ili mtu asije akafika katikati akadhani najitafutia sifa. Mimi nimeishia darasa la saba. Nilichonacho ni madaftari tu, maana tangu usichana nina tabia ya kuandika jioni yale yaliyotokea mchana. Nikiyasoma sasa naona mengine niliyaandika nikiwa na hasira, kwa hiyo hayo nayapunguza kidogo.

Tuliishi Ifakara, nyumba mbili zilizopeana mgongo, katikati ua wa matete. Ilikuwa miaka ya tisini, kabla ya ile mvua kubwa iliyoangusha kuta za udongo mtaa mzima. Mume wangu alikuwa kibarua huko kwenye miwa, nyumbani anaonekana mwisho wa mwezi. Jirani yangu alikuwa Mndamba wa Mofu, mimi Mpogoro. Alinizidi miaka kama minne, nami nikamwita dada. Alikuwa ameachika, hana mtoto, amepewa chumba na uani kwenye nyumba ya kaka yake. Alikuwa anapika vitumbua.

Kwenye ua wetu matete mawili yalioza yakaacha pengo. Hatukuliziba. Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya paa la choo, mkono wake ulipita pale.

"Wa huko! Umeamka, au kuku wamekuamsha ukawaambia wasubiri?"

"Nimeamka, dada. Shikamoo."

"Marahaba. Shika. Kibaya hiki, kimekaa kama sikio la mzee."

Kilikuwa kitumbua cha kwanza cha siku hiyo. Cha kwanza huwa hakina sura, kwa sababu chuma cha kukaangia hakijashika moto sawasawa na mafuta hayajajua kazi yao. Kwao Mofu, alisema, cha kwanza hakiuzwi na mpishi hakili. Hupewa jirani. Ukila mwenyewe, vyote vya siku hiyo vitang'ang'ania kwenye chuma. Sijui kama ni kweli kwao Mofu wote hufanya hivyo au ni mama yake tu. Sikuwahi kuuliza mtu mwingine. Ninachojua ni kwamba kwa miaka mitano nilikula kitumbua kibaya kila asubuhi, na binti yangu wa mwisho alikua akiamini kwamba vitumbua huota uani kama uyoga.

Mchele ulikuwa wa bonde letu, kwa hiyo utamu wake sio ajabu. Cha ajabu ilikuwa ile njano. Vya wenzake sokoni ukivipasua ni vyeupe. Vyake vilikuwa kama vimejaa mayai, na mayai hakuwa nayo. Wanawake walimuuliza, akawajibu, "Kuku wangu wanataga bila kelele." Mimi sikumuuliza. Nilikuwa nasuka mikeka, nina mafundo yangu ambayo sikumwonyesha mtu, na niliona siri ya kazi ni kama sanduku la nguo za ndani, hufungui la mwenzako.

Sasa hapa lazima nieleze habari ya rangi, vinginevyo kosa langu halitaeleweka.

Ukindu tunaukata kwenye mikindu inayoota karibu na maji, tunauchana, tunauanika mpaka unakuwa mweupe. Wa kutia rangi unachemshwa. Rangi ni unga wa dukani, unapimiwa kwa kijiko na kufungiwa kwenye karatasi: nyekundu, zambarau, kijani, njano. Unatia chumvi kwenye sufuria, unakamulia ndimu, unazamisha mafungu. Ukitaka kujua kama maji bado yana nguvu au yamekufa, unachukua ukindu mmoja mweupe unauchovya. Ukitoka na rangi, na ukiusuuza rangi isiondoke, maji bado mazima. Hivyo ndivyo mama alivyonifundisha nikiwa mdogo, na alinifundisha na zaidi ya hapo. Kulikuwa na maneno matatu aliyoyarudia kila tuliposhika ukindu wa mtu mwingine sokoni, tukitaka kujua rangi yake ni ya kudumu au ya kudanganya: maji, sabuni, jua. Maji kwanza, sabuni ya pili, jua la mwisho. Ukindu ambao haujapita yote matatu, alisema, usiusemee kitu.

Nilikuwa nayajua maneno hayo. Siwezi kusema sikuyajua.

Mwaka huo, mavuno ya mpunga yalipokuwa yanaelekea mwisho, binti yangu alianza kutoka mabaka. Alikuwa na miaka mitano. Yalikuja mashavuni na kwenye kiwiko, mekundu yaliyovimba, anajikuna mpaka ngozi inatoka maji. Siku moja midomo ikavimba pia, macho yakawa mistari miwili. Nilimkimbiza hospitali nikiwa nimembeba mgongoni ingawa alikuwa ameshakuwa mzito. Wakampa dawa, wakaniuliza amekula nini. Nikasema kitumbua. Wakaniuliza kitu kingine je? Nikasema sikumbuki. Ilikuwa kweli sikukumbuka, lakini niliporudi nyumbani nikaona kijiti na mfuko wa barafu nyekundu chini ya kitanda chake. Hilo niliandika kwenye daftari. Lakini mdomoni nililibana.

Wiki hiyo hiyo bwana afya alisimama sokoni siku ya gulio akasema kuna watu wanatia rangi za mikeka kwenye vyakula. Akasema kwenye barafu, kwenye sharubati, kwenye bagia, kwenye maandazi. Vitumbua hakuvitaja. Nina uhakika, kwa sababu nilisikiliza nione kama atavitaja.

Nikaenda dukani nilikokuwa nanunua rangi. Mwenye duka alikuwa mzee wa makamo, mtu wa utani. Rafu ya nyuma alikuwa na makopo mawili.

"Ya mkeka au ya pilau?" akauliza.

"Kuna tofauti gani, baba?"

"Tofauti ni kopo."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Akaona, akasema kwa sauti nyingine, "Mama, kijiko changu cha mkeka kina kamba nyekundu, cha pilau hakina kamba. Sichanganyi. Mteja akifika nyumbani akachanganya, mimi simo." Nilimwamini, na namwamini hata leo. Nikamuuliza kama jirani yangu huja kununua. Akafikiri. "Mama vitumbua? Hununua hiliki. Rangi, sikumbuki." Sikumbuki ni neno la haki, mtu asipokumbuka. Lakini mimi nililibeba njiani, na nilipofika nyumbani lilikuwa limeshageuka "labda".

Mama yangu wakati huo alikuwa ng'ambo ya mto, shambani, amelala kwenye dungu tangu mpunga ulipoanza kutoa masuke, kwanza kufukuza ndege, kisha kuvuna na kupura. Ningeweza kumsubiri. Ningeweza hata kwenda Kivukoni, kuvuka na pantoni na kumfuata, ni safari ya siku moja kwa baiskeli na miguu. Binti alikuwa anajikuna, nami nilikuwa na ukindu na sufuria. Nikaona elimu yangu inatosha.

Nilipima vitu vinne. Niliviandika, ninavyo hapa. Barafu nyekundu niliyeyusha kwenye kikombe. Sharubati ya unga niliikoroga. Samli nilinunua kwa mama wa Kisukuma aliyekuwa anapita na kibuyu kichwani, samli ya njano sana, nikasema nayo niijue. Na kitumbua: kile cha kwanza, kile kibaya, alichonipitishia asubuhi ile pale penye pengo. Sikukila. Nilikivunja kwenye maji ya moto, nikakivuruga mpaka kikawa uji, nikakamulia ndimu. Kila kimoja nikakizamishia ukindu mweupe, nikachemsha, nikausuuza kwa maji ya kisima mara tatu.

Wa samli ulitoka mweupe vilevile, una mafuta tu. Wa sharubati ukatoka rangi ya chungwa, imepauka kidogo. Wa barafu ukatoka waridi, hafifu, lakini umeshika. Wa kitumbua ukatoka njano. Nikausuuza mara ya nne. Njano. Niliuangalia ule ukindu nikahisi mikono inakuwa baridi, na nitasema ukweli, ndani ya ule ubaridi kulikuwa na furaha kidogo ya mtu aliyegundua kitu. Hiyo furaha ndiyo ninayoionea aibu kuliko mengine yote.

Nikaufunga kila ukindu mafundo ili nisisahau: barafu fundo moja, sharubati mawili, samli matatu, kitumbua manne. Nikazipachika zote chini ya ukingo wa paa, kwenye makuti.

Alasiri wanawake wa mtaa walikuwa wanakuja kwangu kusuka, watano au sita, kila mtu na ukili wake wa kushona mkeka. Mmoja alimwona binti yangu akauliza mabaka yanaendeleaje. Nikasema. Sikupiga kelele. Niliinuka, nikauleta ule ukindu wenye mafundo manne, nikasema, "Hii imetoka kwenye kitumbua."

Wakauzungusha mkono kwa mkono. Hawa ni watu wanaojua rangi, kila mmoja aliuvuta kwa kucha, akautia mate, akausugua.

"Imeshika," mmoja akasema.

"Imeshika kweli. Mie nilijua, kuku gani wale."

"Na alivyo mtaratibu, jamani."

Hakuna aliyeuliza sabuni. Hakuna aliyeuliza jua. Tulikuwa sita pale, wote wasukaji, wote tumelelewa na mama wa kusuka. Wao hawana kosa. Ukindu ulitoka mkononi mwangu, nao walimwamini aliyeushika.

Kesho yake jirani yangu alirudi kutoka sokoni beseni likiwa limejaa. Kesho kutwa mtu alimrudishia vitumbua alivyokwisha kuvinunua. Siku ya tatu mkono wake haukupita penye pengo. Alikuja mwenyewe, kwa mlango, akapiga hodi kama mgeni. Nikamkaribisha, akakaa kwenye kigoda. Binti yangu akamkimbilia, "Mama mkubwa, kitumbua changu?" Akamwambia, "Leo sijapika, bibi harusi."

Kisha akaniangalia.

"Nimesikia una ukindu wangu."

Nikamletea. Akaushika, akahesabu mafundo.

"Manne. Haya mengine ya nani?"

"Barafu, sharubati, na samli."

"Na wenye barafu umewaambia nini?"

Wenye barafu walikuwa watu wa mbali, mjini huko, wana friji, sikuwa nimewaambia kitu.

"Ulikuja kuniuliza?" akasema.

"Dada, mtoto alivimba macho."

"Naona. Nilikuwepo ulipombeba. Nimekuuliza, ulikuja kuniuliza?"

"Sikuja."

"Ungekuja ningekuambia. Hata wale ningewaficha, wewe ningekuambia."

"Basi niambie sasa."

Akatabasamu, si kwa ubaya. "Sasa nitakuwa najitetea," akasema. Akaurudisha ukindu kwenye makuti palepale nilipoutoa, akaupachika vizuri usianguke, akaaga.

Nimeyaandika maneno hayo kama yalivyo kwenye daftari. Niliyaandika usiku uleule, na chini yake nimeandika: "Hakukana." Huo ndio uandishi wangu wa wakati ule.

Hakupika tena. Wiki mbili, tatu, nikasikia uani kwake kimya, hakuna kinu, hakuna chuma kugongwa. Kisha kaka yake akaniambia amekwenda Mlimba kwa shangazi yao, amepanda treni na beseni na kile chuma, mengine kaacha. Nikasema, "Atarudi lini?" Akasema, "Ukimwona atakuambia."

Mama alirudi kutoka ng'ambo wiki moja baadaye. Wiki moja. Nimewahi kulala nikiihesabu ile wiki siku kwa siku, kana kwamba nitapata ndani yake siku moja iliyosahaulika.

Alikuwa amekaa barazani anakunywa uji, akainua macho akaona zile kindu kwenye makuti. "Hizi mafundo ya nini?" Nikamweleza yote, naye alisikiliza bila kunikatiza. Alipomaliza uji akainuka akazichomoa. Ule wa barafu ulikuwa waridi vilevile. Wa sharubati ulikuwa chungwa vilevile. Wa mafundo manne, upande uliotazama nje ulikuwa umerudi kuwa mweupe, mweupe kabisa, kama haujawahi kuchovywa. Upande ulioegemea makuti tu ndio uliobaki na njano.

"Ulifua kwa sabuni?"

"Sikufua."

"Lete."

Nikaleta kipande cha sabuni ya mche. Akailowesha, akaisugua kwenye kiganja mpaka ikatoa povu, akauvuta ule ukindu ndani ya povu. Njano ikageuka mbele ya macho yetu. Ikawa nyekundu ya matofali, nyekundu ya kutu. Akaukamulia ndimu, ikarudi njano. Akausugua sabuni, ikawa nyekundu tena.

"Rangi ya dukani haifanyi hivi," akasema. "Hii ni manjano. Mzizi. Bibi yako alikuwa anatia ukindu manjano kabla hatujaona kopo la mtu. Inashika vizuri, inapendeza, halafu jua linaila. Ndiyo maana tuliiacha." Akaniangalia. "Nilikuambia mara ngapi?"

"Mara nyingi, mama."

"Na hii ya barafu?" akauliza.

Akaifua kwa sabuni. Haikubadilika hata kidogo.

"Hii ndiyo ya dukani."

"Ya mkeka?"

"Ya mkeka, ya pilau, ukindu haujui kusoma kopo. Unakuambia ya dukani, basi. Hausemi ni sumu. Hausemi ndiyo iliyomuumiza mtoto. Hayo umeyasema wewe."

Mabaka ya binti yangu yalirudi mwezi wa tisa, na vitumbua vilikuwa vimeshatoweka mtaani. Yakaja, yakaenda. Sikumpa tena barafu nyekundu, na baada ya mwaka hivi yakakoma, lakini siwezi kusema ni kwa sababu ya barafu, kwa kuwa mwaka huohuo aliacha pia mambo mengi ya utoto. Nimeshasema mara moja kitu nisichokijua, sirudii.

Wanawake walipokuja alasiri niliutoa tena ule ukindu. Nilijaribu kusema kwa sauti ileile niliyotumia mara ya kwanza, isiwe ndogo zaidi. Nikaufua mbele yao, wakaona nyekundu, wakaona njano ikirudi. Halafu mmoja akasema, "Basi kama ni manjano tu, si angesema?" Na mwingine, "Mwenye kuficha ana lake." Nikasema hapana, hakuna lake, kosa ni langu. Wakasema haya, yameisha. Wakarudi kwenye ukili. Niligundua siku ile kwamba lile neno la kwanza lilikwenda mbio na baiskeli, na hili la pili nimelituma kwa miguu.

Mvua za vuli zilipoanza, nilisimama penye pengo nikachungulia uani kwake. Nyuma ya bafu, pale maji ya kuogea yanapotokea, majani yalikuwa yanachomoza, mapana, ya kijani kibichi, kama ya migomba midogo. Nilikuwa nimeyaona miaka yote mitano. Nilidhani ni maua. Kila kiangazi yalikauka na kupotea, na mwezi nilipochovya kile kitumbua hapakuwa na hata jani moja la kunikumbusha. Nikaingia, nikachimbua pembeni kwa kidole. Kikatoka kidole kingine, cha njano.

Nilikaa pale nyuma ya bafu la mtu nikalia. Nilijua basi kwamba alikuwa anachimba alfajiri, anasaga, anatia ncha ya kijiko, anaosha mikono, halafu ananiita wa huko.

Mwaka uliofuata, baada ya mavuno, nilipanda treni kwenda Mlimba. Nilibeba vitu viwili: mkeka niliousuka mwenyewe bila rangi yoyote, na manjano yake, vipande vilivyoanza kuota, nimevifunga kwenye kiroba chenye udongo mbichi. Njiani nilijifunza maneno ya kumwambia. Nilikuwa na maneno mazuri kabla hatujafika.

Sikuhitaji kumtafuta. Treni iliposimama alikuwa chini ya dirisha la behewa la tatu, beseni kichwani, anauzia abiria kwa kunyoosha mkono juu. Alikuwa amenenepa kidogo. Nikashuka, nikasimama nyuma ya watu mpaka walipopungua.

"Shikamoo, dada."

Akageuka. "Marahaba." Akaniangalia miguu mpaka kichwa. "Wa huko. Umeamka?"

Nikataka kucheka, nikashindwa. Maneno yote ya treni yakapotea, nikabaki na moja. "Ilikuwa manjano."

"Najua ilikuwa manjano," akasema. "Niliipanda."

"Nimewaambia wote. Niliifua mbele yao."

"Umefanya vizuri." Alisema hivyo kama mtu anayemjibu mtoto aliyeosha vyombo. Halafu, "Mtoto anaendeleaje?"

"Amepona. Anakuuliza."

"Mwambie nimemsikia."

Akashusha beseni, akanipa kitumbua. Kilikuwa kizuri, cha duara, kingo zimekauka sawasawa. Nikakipasua. Kilikuwa cheupe.

"Vyeupe siku hizi?"

"Vyeupe haviulizwi."

Nikala. Utamu ulikuwa uleule, hiliki ileile, mchele wa bonde. Nilikuwa nimesimama naye, nakula mkononi mwake, na bado nilikuwa na hamu naye kama mtu aliye mbali. Nikamwambia, nisijue nasema nini, "Hiki si kile cha kwanza."

"Cha kwanza kimeshaliwa," akasema. "Nina jirani hapa."

Hakusema kwa kuniumiza. Nimelipima neno hilo miaka mingi, kwa maji, kwa sabuni na kwa jua, na kila mara linatoka vilevile: alikuwa anasema ukweli. Ana jirani pale, na cha kwanza ni cha jirani.

Mkeka aliupokea. Aliupapasa, akageuza upande wa chini kuangalia mshono, akasema nimeendelea. Kiroba cha manjano alikiangalia, akasema, "Weka hapo," akionyesha kivuli cha ukuta. Nikaweka. Abiria wakamwita kutoka dirishani, akajitwika beseni akaenda, na alipokuwa anarudi nilikuwa naitwa na mimi kwa treni ya kurudi, tukapungiana mikono. Kama alikichukua kile kiroba, au kilibaki pale ukutani mpaka udongo ukakauka, sijui. Sikuthubutu kuuliza, na barua yake moja aliyoandikiwa na mtoto wa shule haikutaja.

Nyumba ya kaka yake waliingia watu wengine, watu wema, wakaziba pengo kwa matete mapya. Niliwaomba ruhusa ya yale majani nyuma ya bafu, wakasema chukua, sisi tulidhani maua. Kwa hiyo kila mwaka yakikauka nachimba. Nachimba nusu. Nusu nyingine naifukia palepale, maana si yangu, na ndiyo itakayotoa majani mvua zikirudi, mwenyewe akija ayaone.